Kabla ya Kupiga Msasa: Samani Kuukuu, Rangi, Nta na Afya ya Watoto Nyumbani

Familia nyingi zinapoanza maisha nchini Marekani hupata meza, viti na makabati yao kutoka maduka ya vitu vilivyotumika, kwa majirani wanaohama, kwa watu wanaouza vitu mbele ya nyumba zao mwishoni mwa wiki, au kando ya barabara siku ya kuondoa taka. Si jambo la kuonea haya. Samani za zamani mara nyingi zimetengenezwa kwa mbao nzito zilizoungwa kwa ustadi, na zinaweza kudumu kuliko vitu vipya vya bei nafuu. Kuzisafisha, kuzipaka rangi upya na kuzing'arisha kwa nta huokoa fedha, na kwa baadhi ya mafundi ni chanzo cha kipato.

Kipeperushi hiki hakikusudii kukukataza kazi hiyo. Kinaeleza jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye kopo la rangi: hatari kubwa haimo katika rangi mpya unayoinunua, bali katika rangi ya zamani iliyo chini yake. Rangi hiyo ikiwa nzima na haikwaruzwi, huenda ikakaa miaka mingi bila kumdhuru mtu. Ikipigwa msasa mkavu, hugeuka kuwa vumbi laini ambalo huenea nyumba nzima, na mtoto hulivuta kwa pumzi na kulimeza kwa mikono yake.

Risasi ni nini, na imefikaje kwenye kabati?

Risasi ni madini mazito, yale yale yanayotumiwa katika betri za magari na ambayo waliosoma kwa Kifaransa huyajua kwa jina la plomb. Kwa miaka mingi watengenezaji waliyachanganya katika rangi za mafuta kwa sababu yalikuwa na manufaa ya kweli kwa fundi: yaliipa rangi weupe au umanjano uliokolea, yaliifanya ikauke upesi, na yaliifanya istahimili maji na misuguano. Ndiyo maana rangi hizo zilipendwa kupakwa milango, madirisha, vitanda vya watoto, viti na makabati, yaani mahali panaposhikwashikwa kila siku.

Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilipiga marufuku rangi za majumbani zenye risasi zaidi ya asilimia 0.06, pamoja na samani na vitu vya kuchezea vilivyopakwa rangi hizo. Mwaka 2009 kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 0.009. Hata hivyo, sheria haikuzifuata samani zilizokwisha kuuzwa. Kabati lililopakwa rangi mwaka 1950 bado linaweza kuwa na rangi hiyo hiyo hadi leo, limefunikwa kwa tabaka mbili au tatu za rangi za baadaye.

Kwa nini mtoto hudhurika zaidi

Mwili haukihitaji hata kidogo cha risasi, na hakuna kiwango katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hupata madhara makubwa kuliko mtu mzima kwa sababu tatu. Kwanza, hutambaa sakafuni, mahali vumbi linapotua, kisha hutia mikono na vitu mdomoni. Pili, utumbo wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya utumbo wa mtu mzima. Tatu, ubongo wake ungali unajengwa. Risasi huingia mahali palipotengewa kalsiamu na madini ya chuma, na kuvuruga ujenzi huo. Matokeo yake yanaweza kuwa ugumu wa kujifunza, kutotulia, kuchelewa kusema na kupungua kwa usikivu. Madhara hayo huweza kubaki maisha yote.

Mtu mzima naye hasalimiki. Risasi huweza kupandisha shinikizo la damu, kudhuru figo na kupunguza uwezo wa kuzaa. Huhifadhiwa mifupani kwa miaka mingi, na wakati wa ujauzito hutoka huko na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito au anayenyonyesha asishiriki kazi ya kukwangua wala kupiga msasa rangi ya zamani, na asisafishe mahali palipofanyiwa kazi hiyo.

Mara nyingi sumu hii haina dalili. Mtoto hucheza na kula kama kawaida, huku kiwango kikiendelea kupanda katika damu yake. Kiwango kikiwa kikubwa sana, huleta maumivu ya tumbo, kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, na hata kifo. Mwaka 2000, katika jimbo la New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka 2 kutoka familia ya wakimbizi wa Sudan alifariki kwa sumu ya risasi wiki chache baada ya familia kuhamia katika nyumba ya zamani ya kukodi. Nyumba hiyo ilikuwa na rangi ya risasi iliyokuwa ikibanduka. Rangi ya namna hiyo ndiyo iliyopakwa samani za zama zile.

Utajuaje kama samani yako ina risasi?

Huwezi kujua kwa kutazama tu, lakini ziko ishara za kukutahadharisha. Shuku kila samani iliyopakwa rangi kabla ya 1978, au ambayo umri wake haujulikani. Shuku pia rangi iliyopasuka vipande vidogo vya pembe nne mfano wa ngozi ya mamba, na rangi yenye tabaka nyingi zinazoonekana mahali ilipochubuka. Vanishi za zamani na rangi za kutia mbao wekundu au weusi nazo huweza kuwa na risasi.

Madukani huuzwa vijiti vya kupima ambavyo hubadilika rangi vinapogusa risasi. Vinaweza kukusaidia kushuku, lakini visikupe uhakika: mara nyingi havifiki tabaka za chini, na jibu la "hakuna" laweza kuwa si sahihi. Njia ya kuaminika ni kupeleka kipande kidogo cha rangi, chenye tabaka zote hadi kwenye mbao, katika maabara iliyoidhinishwa. Piga simu kwetu kwanza, nasi tutakueleza namna ya kukichukua na mahali pa kukipeleka. Pasipo kipimo, ichukulie samani hiyo kuwa ina risasi.

Ikiwa ina risasi, au huna hakika

Usiipige msasa. Usiikwangue kwa kisu, usiichome kwa moto wala kwa mashine ya hewa ya moto, kwa kuwa joto hugeuza risasi kuwa moshi usioonekana. Usijidanganye kwa kufungua dirisha wala kwa kufunga kitambaa puani. Barakoa za nguo na zile za hospitali hazizuii vumbi hili.

Baadhi ya rangi za siku hizi, zile zinazokauka bila kung'aa na kuwa kama chaki, hutangazwa kwamba hazihitaji kupigwa msasa kwanza. Wengi hudhani kwamba basi tatizo limekwisha: rangi mpya juu, nta juu ya rangi, na ya zamani imezikwa. Sivyo. Kufunika hupunguza vumbi mahali palipotulia, kama ubavu wa kabati. Lakini mahali panaposuguana, kama kingo za droo, reli zake, bawaba za milango na ukingo wa kiti, tabaka la juu huliwa taratibu, na rangi ya chini huanza kusagika upya. Nta ni laini na haizuii jambo hilo.

Yaliyo salama zaidi ni haya:

• Usiiingize samani hiyo katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 6 au mama mjamzito.
• Kama imekwisha kuingia, ifunike kwa plastiki na uitoe, kisha ufute sakafu na kingo za madirisha kwa kitambaa kilicholowa.
• Kama ni kitu chenye thamani kwako, mpe fundi aliyefunzwa kuondoa rangi ya risasi aishughulikie nje ya nyumba yako.
• Usimpe wala usimuuzie mtu mwingine bila kumwambia.

Jinsi ya kufanya kazi kwa usalama

Hatua zifuatazo ni kwa samani ambayo haijawahi kupakwa rangi, iliyotengenezwa baada ya 1978, au ambayo maabara imethibitisha kuwa haina risasi.

1. Chagua mahali. Fanya kazi nje, au katika banda la gari lililo wazi. Usifanye kazi jikoni, chumbani wala sebuleni. Watoto wakae mbali mpaka usafi ukamilike. Kabla ya lolote, chunguza viungio na nyuma ya droo kwa tochi kama kuna kunguni.

2. Osha. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kuondoa mafuta na nta ya zamani, kisha acha ikauke kabisa. Rangi haishiki juu ya mafuta, na watu wengi hupiga msasa kupita kiasi kwa sababu tu hawakuosha vizuri.

3. Piga msasa wa maji. Lowesha msasa na mbao, sugua kwa wepesi ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, na futa tope linalotokea kwa tambara. Lengo si kuifikia mbao, bali kuondoa mng'ao tu ili rangi ishike. Hata vumbi la mbao tupu halifai kuvutwa: vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya visababishi vya saratani. Ukilazimika kupiga msasa mkavu, vaa barakoa ya N95 inayokubana usoni.

4. Paka rangi inayochanganywa kwa maji. Soma lebo na uchague yenye mvuke mdogo wa kemikali. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene. Usipake ndani ya droo wala kwenye reli zake.

5. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, si kwa muda inapoonekana kavu. Harufu ikiwa bado kali, usiiweke katika chumba cha kulala.

6. Kabla ya kuirudisha ndani, hakikisha kabati refu la droo limefungwa ukutani kwa mikanda au vyuma vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Mtoto anayepanda droo kama ngazi anaweza kuangukiwa na kabati zima.

Nta yenye rangi: hufanya nini, na haifanyi nini

Nta ya samani hutengenezwa kwa nta ya nyuki au ya mimea, ikalainishwa kwa kiyeyusho ili ipakike. Nta yenye rangi huongezwa unga wa rangi ya kahawia, nyeusi au nyeupe. Ikipakwa juu ya rangi isiyong'aa, huingia katika michirizi na pembe za nakshi, na kuipa samani sura ya kitu cha kale. Mafundi hupaka kwanza nta isiyo na rangi, kisha ile yenye rangi juu yake, ili rangi isilowe ghafla na kuacha madoa. Hupakwa kidogo kidogo kwa tambara laini, na inayozidi hufutwa mara moja.

Kwa afya ya nyumbani, kumbuka mambo mawili. Kwanza, nta huonekana kavu ndani ya siku moja, lakini huchukua wiki kadhaa kukomaa, na wakati huo wote huendelea kutoa mvuke. Ipe muda huo mahali penye hewa. Pili, nta si kinga imara: joto la sufuria huiyeyusha, maji huiacha na alama, na msuguano huiondoa. Kwa hiyo haifai kwenye meza ya kulia chakula inayofutwa kila siku, kwenye kiti cha kumlishia mtoto, wala kwenye kitu chochote ambacho mtoto anaweza kukitafuna.

Viyeyusho, mvuke na matambara

Tapentaini, tina na nta nyingi hutoa mvuke unaoumiza kichwa na kulevya, na ambao hushika moto kwa urahisi. Mvuke huo huweza kusambaa chini hadi kwenye moto mdogo unaowaka ndani ya jiko la gesi au mtungi wa kupashia maji. Usizitumie karibu na vyombo hivyo.

Dawa za kubandua rangi zenye metilini kloridi ni hatari kuliko zote. Mvuke wake ukivutwa, mwili huugeuza kuwa kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Watu wamekufa walipozitumia katika vyumba vidogo vya kuogea. Tangu Novemba 2019 ni marufuku nchini Marekani kuwauzia wananchi wa kawaida dawa hizo kwa kazi ya kubandua rangi, lakini makopo ya zamani bado yamo katika maghala ya watu. Ukipewa kopo kuukuu la dawa ya kubandua rangi, usilitumie.

Matambara yaliyotumika yana hatari yake. Mafuta ya mbegu za kitani na mafuta mengine ya kupaka mbao hutoa joto yanapokauka. Matambara yakikunjwa au kurundikwa, joto hilo hukosa pa kutokea, nayo huweza kuwaka yenyewe saa kadhaa baadaye, bila kiberiti wala cheche. Baadhi ya nta zina mafuta hayo pia. Yatandaze matambara moja moja nje, mbali na ukuta, mpaka yakauke na kuwa magumu. Au yatie katika kopo la chuma lenye maji na kifuniko cha kubana.

Usihamishe tapentaini wala tina katika chupa ya soda au ya maji. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambamo mafuta ya taa yaliwekwa katika chupa za soda, na tunajua kwamba mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo ndani. Kiache kila kitu katika chombo chake chenye lebo, ndani ya kabati lililofungwa. Mtoto akinywa, usimtapishe, kwa kuwa kiyeyusho kikirudi kooni huweza kuingia mapafuni. Piga simu mara moja kwa namba zilizo mwishoni mwa kipeperushi hiki.

Mabaki ya rangi na viyeyusho yasimwagwe sinkini, chooni wala ardhini. Kaunti nyingi huwa na siku au kituo cha kupokea taka za sumu za majumbani.

Baada ya kazi

Usifagie kwa ufagio mkavu, maana ufagio huliinua vumbi hewani tena. Futa kwa maji na sabuni, kisha ubadilishe maji na kufuta mara ya pili. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hulitawanya vumbi laini. Inayofaa ni ile yenye chujio la HEPA. Vua nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, uzifue peke yake, na unawe mikono na uso kabla ya kula. Desturi ya kuvua viatu mlangoni, ambayo nyumba nyingi za Waswahili wanaifuata, ni kinga nzuri: ishikeni.

Haya yanamhusu zaidi anayefanya kazi ya kubomoa au kupaka rangi nyumba za zamani. Vumbi la kazini husafiri hadi nyumbani katika nguo, nywele na viti vya gari.

Samani zisizofaa kupakwa upya

Kitanda cha mtoto mchanga chenye ubavu unaoshuka kisipakwe rangi, kisiuzwe na kisitumiwe. Vitanda vya aina hiyo vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu tarehe 28 Juni 2011, kwa kuwa ubavu ulilegea na watoto wakabanwa hadi kufa. Vitu vya kuchezea na viti vya watoto vyenye rangi ya zamani navyo viachwe, hata vikiwa vizuri kiasi gani.

Kipimo cha damu na chakula

Kama umewahi kupiga msasa samani ya zamani nyumbani, mpeleke mtoto akapimwe damu. Kipimo ndicho kinachojibu swali ambalo macho hayawezi kulijibu. Watoto wenye bima ya Medicaid hupimwa risasi wakiwa na miezi 12 na miezi 24. Inapendekezwa kwamba watoto wa wakimbizi wapimwe wanapowasili, na walio na umri wa miaka 6 au chini wapimwe tena baada ya miezi 3 hadi 6, hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri. Cha kwanza huonyesha yaliyompata alikotoka. Cha pili huonyesha yaliyompata katika makazi mapya.

Kiwango cha mikrogramu 3.5 au zaidi kwa kila desilita ya damu humaanisha kwamba mtoto ana risasi nyingi kuliko watoto wengi wa umri wake, na kwamba chanzo lazima kitafutwe. Mweleze daktari kuhusu samani, na pia kuhusu wanja, sufuria au viungo vilivyoletwa kutoka nje, kwani navyo huweza kuwa na risasi.

Mtoto mwenye njaa au upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi. Mpe chakula kwa saa zake: maharage, nyama na mchicha kwa ajili ya chuma, maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao kwa ajili ya kalsiamu, machungwa na nyanya ili chuma kipokewe vizuri. Chakula hakiondoi risasi iliyokwisha kuingia, wala hakichukui nafasi ya kuondoa chanzo.

Wa kuwapigia simu

• Mtu amezimia, ana degedege au hapumui vizuri: 911.
• Mtu amekunywa au kuvuta kemikali, au mtoto amemeza rangi: kituo cha sumu, 1-800-222-1222, saa 24, bila malipo.
• Maswali kuhusu rangi ya risasi na maabara: Kituo cha Taifa cha Habari za Risasi, 1-800-424-5323, siku za kazi.
• Kipimo cha damu: daktari wa mtoto, au idara ya afya ya kaunti yako.

Unapopiga simu, taja neno "Swahili" na usikate. Omba uunganishwe na mkalimani. Katika kituo cha sumu na katika idara ya afya hulipi chochote kwa mkalimani.